MAJIVU YA MPENDWA WETU: TUYAWEKE WAPI?

Kifo ni deni ambalo kila mtu atalilipa. Hapa kwetu Kisii na Nyamira tunazika nyumbani, na siku hizi makaburi mengi yanajengwa kwa saruji. Lakini shamba halizai shamba. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kuwa Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Ndugu wanne wakigawana ekari moja, makaburi yatakaa wapi na mahindi yapandwe wapi? Ndiyo maana nataka tujifunze habari za majivu ya maiti.

Najua wengine mtashtuka. Huku kwetu neno "kuchoma mtu" lina uchungu. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa kule Marani, ati ni wachawi. Huo ni unyama. Kuteketeza maiti kwa heshima, kwa wosia wa marehemu mwenyewe, ni jambo lingine kabisa. Profesa Wangari Maathai aliteketezwa Kariokor, Nairobi, tarehe 8 Oktoba 2011. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji, kwani hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Majivu yenyewe ni nini? Ni mifupa iliyosagwa, kama kilo 2 hadi 3 kwa mtu mzima. Wengi hudhani ni mbolea. Sivyo! Yana chumvi nyingi na ukali kama wa chokaa. Yakirundikwa mahali pamoja yanaweza kuua mche. Basi zingatia haya:

1. Mti. Changanya majivu na udongo mwingi pamoja na mboji, kisha upande mti wa kienyeji kama omotembe. Usiyamwage kwenye mashina ya majani chai, kwa sababu chai hupenda udongo wenye asidi.

2. Chombo. Ukiyazika, tumia kikapu au karatasi ngumu, vitu vinavyooza. Plastiki haiozi. Jiwe letu la Tabaka pia haliozi, kwa hivyo lichongwe jina la marehemu na kuwekwa juu ya ardhi kama alama.

3. Maji. Wahindu wengi hutia majivu mtoni au baharini. Yakitawanywa kidogo kidogo katika maji mengi hayana madhara makubwa, lakini nailoni na maua ya plastiki yasitiwe. Tukumbuke pia kwamba mto Gucha watu huchota maji. Chemchemi nazo zisiguswe.

Hata hivyo, tusidanganyane. Tanuri nalo hula gesi, dizeli au kuni na kutoa moshi. Anayezikwa bila saruji, katika jeneza jepesi, naye hajaikosea ardhi.

Kwa hivyo wanafunzi wenzangu, mambo haya tuyazungumze na wazee wetu wakiwa hai. Marehemu haulizwi, na matanga si mahali pa kugombania wosia. Ardhi iliyobaki ni kidogo, na sisi ndio tutakaoilima.