Kivuli Kisichotoka Katika Kioo cha Televisheni

Mtu akiingia katika nyumba ya kuonyeshea mpira, hapa Chilinde au kule Dzaleka, penye makazi ya wakimbizi wilayani Dowa, huenda akaona jambo la ajabu. Mchezo umekwisha, sasa ni sinema. Lakini juu pembeni, mahali palipokaa hesabu ya mabao, pamebaki kijisanduku hafifu kama kivuli. Ukipangusa kwa kitambaa hakitoki. Ukizima na kuwasha tena, kipo pale pale. Watu husema, "Kioo kimeungua." Mimi hutengeneza redio na televisheni hapa Chilinde, katika jiji la Lilongwe, na swali hili huletwa mezani kwangu mara nyingi. Kwa hiyo naona yafaa niwaeleze wanafunzi, pamoja na wenzangu tuliokwisha maliza shule, kivuli hicho ni nini, na mtu ajilinde vipi asipoteze fedha zake.

Kwanza, neno lenyewe hupoteza watu. Hakuna kilichoungua. Kilichotokea ni kuchakaa, tena kuchakaa kusiko sawa. Tazama ngazi ya jengo la zamani: katikati ya kila kidato pamelika, na kando pangali pazima. Hakuna aliyepachimba, ni nyayo za kila siku zipitazo mahali pamoja. Kioo cha televisheni nacho huliwa vivyo hivyo na picha ikaayo mahali pamoja.

Malawi ilianza matangazo yake ya televisheni mwaka 1999, na televisheni za siku zile zilikuwa masanduku mazito yenye chupa kubwa ya kioo. Ndani ya chupa hiyo kulipakwa dawa iitwayo fosfora, nayo ilitoa mwanga ilipopigwa na mkondo wa elektroni. Palipopigwa sana, fosfora ilichoka, ikabaki alama. Kwa hiyo ugonjwa huu si mpya. Kipya ni kwamba siku hizi huzipata hasa televisheni za bei kubwa, na sababu yake ni hii.

Televisheni nyingi za bei nafuu ni za namna ya LCD. Taa zake ziko nyuma, na mbele yake kuna nukta ambazo kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya mwanga, kama mapazia madirishani. Pazia halitoi mwanga, kwa hiyo halichoki upesi. Pengine picha huganda kidogo, lakini kwa kawaida hutoweka baada ya muda.

Televisheni za OLED ni mbali. Humo kila nukta ni taa yenyewe. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, wa kampuni ya Kodak ya Marekani, walieleza jinsi tabaka nyembamba za kemikali za kaboni ziwezavyo kutoa mwanga mzuri zikipitiwa na umeme. Mwaka 2007 Sony walitoa televisheni ya namna hiyo ya kuuzwa madukani, kioo chake inchi 11 tu. Uzuri wake ni kwamba penye weusi taa huzimika kabisa, na weusi huwa kama wa usiku. Ubaya wake ni kwamba kila taa ina umri wake. Iliyowaka sana hufifia kabla ya jirani zake, na tofauti hiyo ndiyo macho yetu huiona kama kivuli. Kemikali ya rangi ya buluu ndiyo kwa kawaida huchoka mapema kuliko nyingine.

Je, ni wingi wa saa tu uletao kivuli? La. Mwaka 2018 RTINGS, wapimaji wa vyombo walioko Kanada, walianza kuwasha televisheni 6 za OLED za namna moja, saa 20 kila siku. Moja ilionyesha habari za CNN kwa mwanga mkali kabisa, nyingine habari hizo hizo kwa mwanga mdogo, na nyingine michezo na vipindi mbalimbali. Ile ya habari kwa mwanga mkali iliota alama mapema. Zilizoonyesha picha za kubadilika-badilika zilikaa muda mrefu bila alama ya kuonekana. Basi adui ni picha moja mahali pamoja, kwa mwanga mkali, kwa saa nyingi. Ongeza na joto, kama lile la chumba chenye bati bila dari, na uchakavu huenda mbio.

Watengenezaji wameweka dawa ndani ya televisheni hizi. Husogeza picha kidogo kidogo bila sisi kujua, na hupunguza mwanga wa nembo zisizoondoka. Tena, ukiizima kwa kidude cha mkononi baada ya saa kadhaa za kutazama, televisheni hujipima yenyewe na kusawazisha taa zake. Hapa ndipo penye tatizo letu. Kazi hiyo huhitaji umeme. Sisi tumezoea kuchomoa waya ukutani mara tu mchezo unapokwisha, ama kwa kuhifadhi betri ya sola, ama umeme wenyewe umekatika. Hivyo chombo hulala bila kupata dawa yake, siku baada ya siku. Mwenye OLED na aizime kwa kidude, kisha aiachie umeme, ikiwezekana, kwa muda wa saa moja.

Sasa nitoe mfano. Vijana watano wa Dzaleka walichanga fedha za mavuno na za vibarua, ili wanunue televisheni ya kuonyeshea mpira. Walipata OLED iliyokwisha tumika, kubwa, ya kupendeza, nao wakaniita niikague kabla ya kulipa. Muuzaji alikuwa akionyesha sinema yenye rangi nyingi, na kila mtu alisifu. Nilichomeka flashi yenye picha tupu za kijivu, nyekundu, kijani na buluu. Penye kijivu tuliona mstari mpana chini ya kioo, kama mkanda wa habari. Muuzaji alisema ni vumbi la ndani, litatoka. Halitoki, maana taa iliyochakaa haiwezi kurudishiwa ujana. Vijana wakanunua LCD mpya kwa fedha pungufu, na kwa kazi yao ndiyo iliyofaa zaidi. Wahenga husema, "Rahisi huvunja upishi". Lakini ghali nayo huvunja, isipolingana na kazi.

Basi ukumbuke haya. Usinunue televisheni iliyotumika bila kuitazama kwa picha tupu ya kijivu, katika chumba chenye giza kidogo. Kama kazi ni mpira au habari mchana kutwa, chagua LCD. Kama una OLED, punguza mwanga, badilisha vipindi, usiache picha iliyosimama, na uiachie nafasi ya kupumua nyuma.

Maswali ya mazoezi

1. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu. Je, jumla ni nukta ngapi?

2. Nyumba moja huonyesha michezo 4 kila juma, kila mchezo dakika 90. Katika majuma 52, kijisanduku cha mabao hukaa mahali pamoja kwa saa ngapi?

3. Eleza kwa maneno yako kwa nini kupangusa kioo hakuondoi kivuli.