Drili ya Betri: Volti Ngapi, Uzito Gani?

Vijana wengi wanaohitimu vyuo vya ufundi hununua drili yao ya kwanza kwa akiba ndogo au mkopo wa chama. Anayekosea hapo hana pesa za kununua ya pili. Kosa la kawaida ni kuchagua nambari kubwa zaidi iliyoandikwa kwenye boksi. Somo hili linaeleza maana ya nambari hizo, ili fundi apate kifaa kinacholingana na kazi yake na bega lake.

Volti ni msukumo

Betri nyingi za vifaa vya ufundi huundwa kwa seli za lithiamu zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila seli ina takriban volti 3.6. Seli 3 hutoa volti 10.8, na seli 5 hutoa volti 18. Seli ikijaa chaji hufikia volti 4 au zaidi kidogo. Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji huandika 12 badala ya 10.8, au 20 badala ya 18. Betri ya "20" na ya "18" zina seli 5 zilizofuatana; tofauti iko kwenye maandishi tu.

Fundi ajihadhari pia na betri ndogo zilizoandikwa 48 au 88. Volti 48 huhitaji seli 13 hivi zilizofuatana. Asome kibandiko cha betri yenyewe, asitegemee tangazo la boksi.

Ah ni tangi

Herufi Ah huonyesha kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi. Ukizidisha volti kwa Ah unapata wati-saa, yaani jumla ya nishati iliyomo. Betri ya volti 18 yenye Ah 2 ina wati-saa 36. Ya volti 10.8 yenye Ah 4 ina wati-saa 43.2. Kwa hiyo katika kazi nyepesi, ile yenye volti chache inaweza kudumu zaidi. Kazi ikiwa nzito, volti 18 ina faida: hutoa nguvu ile ile kwa mkondo mdogo wa umeme, hivyo betri haipati joto haraka.

Uzito hulipwa na bega

Seli moja ya kawaida ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri ya volti 18 yenye Ah 2 huwa na seli 5, na ya Ah 5 mara nyingi huwa na seli 10. Hiyo ni zaidi ya gramu 200 za nyongeza. Drili ya volti 12 pamoja na betri yake huwa takriban kilo 1, na ya volti 18 yenye betri kubwa hukaribia kilo 2. Dukani tofauti hiyo haisumbui. Juu ya ngazi, mkono ukiwa umeinuliwa kufunga dari siku nzima, mkono hulegea, skrubu huteleza, na fundi anaweza kuanguka.

Kazi iongoze uchaguzi

• Dari za jipsamu, kabati na bawaba za milango: volti 12 inatosha.
• Paa la mabati na mbao nene: volti 18 yenye betri ya Ah 2.
• Kuta za mawe, zege na kazi ya grinda: volti 18 yenye betri ya Ah 4 au 5.

Anayefanya kazi mchanganyiko anaweza kununua drili moja ya volti 18 na betri mbili, ndogo ya kazi za juu na kubwa ya kazi za chini.

Kabla ya kulipa

Fundi ainue drili juu ya kichwa kwa dakika mbili, betri ikiwa ndani. Akague chaja: umeme wa Kenya ni volti 240, na chaja ya mtumba ya volti 100 au 120 pekee itaungua. Akumbuke pia kwamba betri za chapa moja kwa kawaida haziingii kwenye vifaa vya chapa nyingine, hivyo drili ya kwanza huamua grinda na msumeno atakaonunua baadaye. Mwisho, achukue risiti na hati ya dhamana.

Zoezi: Betri ya volti 18 yenye Ah 5 ina wati-saa ngapi? (Jibu: 90.)