Pasipoti Mbili, Safari Moja: Ipi Huonyeshwa Wapi

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya Mkenya mwenye uraia wa nchi mbili, anayesafiri akiwa na pasipoti mbili mkobani. Tunakusudia kumwezesha msomaji kufahamu mambo matatu: pasipoti ipi aionyeshe kwa shirika la ndege, ipi ampe afisa wa uhamiaji, na afanye nini anapozuiwa kusafiri. Mfano wetu mkuu ni safari kati ya Kenya na Uingereza, lakini msingi wake unafaa pia kwa nchi nyingine nyingi.

Tuanze na mfano

Muuguzi mmoja Mkenya anaishi Leicester. Baada ya miaka mingi ya kazi anaapishwa kuwa raia wa Uingereza na kukabidhiwa cheti cha uraia. Wiki mbili baadaye, kabla hajaomba pasipoti ya Uingereza, anapigiwa simu kwamba baba yake amefariki Kakamega. Ananunua tiketi, anachukua pasipoti yake ya Kenya, anasafiri na kumzika mzazi wake. Wakati wa kuondoka Uingereza hakupata taabu yoyote, kwa kuwa shirika la ndege lilitaka kujua jambo moja tu: je, Kenya itampokea?

Taabu inaanza siku ya kurudi. Kwenye kaunta ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, mhudumu anaitazama pasipoti ya Kenya na kuona kwamba hakuna kibali kinachomruhusu mwenye pasipoti hiyo kuingia Uingereza. Kibali cha ukaazi alichokuwa nacho kilikoma alipokuwa raia, na cheti cha uraia si hati ya kusafiria. Ndege inaondoka bila yeye. Sasa inambidi aombe pasipoti ya Uingereza akiwa Nairobi, asubiri kwa majuma kadhaa, anunue tiketi nyingine, na amweleze mwajiri wake kwa nini hajaingia zamu.

Mfano huu tumeutunga wenyewe, ila hakuna hatua yake isiyoweza kumfika msafiri wa kweli. Muuguzi huyu alikuwa na haki ya kuingia katika nchi zote mbili. Alichokosa ni hati ya kuithibitisha haki hiyo mahali ilipohitajika.

Maswali mawili yaliyo tofauti

Safarini, pasipoti hutazamwa na watu wa aina mbili, na kila mmoja ana swali lake.

Afisa wa uhamiaji huuliza kuhusu nchi anayoilinda: mtu huyu anaingia, au aliingia, kwa haki gani? Shirika la ndege huuliza kuhusu nchi ambako ndege inakwenda: abiria huyu akifika, ataruhusiwa kuingia? Shirika linalompeleka abiria asiye na hati zinazofaa laweza kutozwa fedha na kulazimika kumrudisha alikotoka. Sheria ya Uingereza, kwa mfano, imeweka tozo ya pauni 2,000 kwa kila abiria wa namna hiyo. Ndiyo sababu mhudumu wa kaunta hawezi kuridhika na maelezo ya mdomo, hata yawe ya kweli.

Kutokana na maswali hayo tunapata kanuni mbili:

1. Ingia katika nchi na utoke kwa pasipoti ile ile.
2. Lionyeshe shirika la ndege pasipoti itakayokuruhusu kuingia nchi unakokwenda.

Nairobi hadi London na kurudi, hatua kwa hatua

Kununua tiketi. Hakikisha jina lililo kwenye tiketi linalingana na lililo katika pasipoti zote mbili. Kama jina lilibadilika kwa ndoa katika pasipoti moja tu, ni heri kusahihisha ile nyingine mapema. Ikiwa muda hautoshi, beba cheti cha ndoa na uliulize shirika la ndege kabla ya siku ya safari.

Kujaza taarifa za abiria. Kwa safari ya kwenda London, jaza namba ya pasipoti ya Uingereza. Kwa safari ya kurudi Nairobi, jaza ya Kenya. Wengi hujaza pasipoti moja kwa safari zote mbili, kisha hushangaa mfumo unapowakataa. Ikiwa mfumo haukubali mabadiliko, fika kaunta mapema na umwombe mhudumu abadilishe.

Kaunta ya shirika la ndege, Nairobi. Toa pasipoti ya Uingereza.

Dawati la uhamiaji, Nairobi. Toa pasipoti ya Kenya, ile uliyoingilia. Afisa akiuliza viza ya Uingereza iko wapi, mwonyeshe pasipoti ya pili bila kusita. Uraia wa nchi mbili uliotangazwa kisheria si jambo la kuficha.

Dawati la uhamiaji, London. Toa pasipoti ya Uingereza.

Kurudi. Kwenye kaunta ya London toa pasipoti ya Kenya, na ukifika Nairobi toa hiyo hiyo.

Anayeingia Kenya kwa pasipoti ya Uingereza pekee huhesabiwa kuwa mgeni. Tangu Januari 2024, mgeni wa aina hiyo hutakiwa kuomba idhini ya kusafiri kwa njia ya kielektroniki na kuilipia kabla ya kuondoka kwao, na akifika hupewa muda maalumu wa kukaa. Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini. Pasipoti ya Kenya ndiyo njia nyepesi ya kuithibitisha haki hiyo.

Nchi nyingine

Sheria ya Marekani humtaka raia wake aingie na kutoka nchini humo kwa pasipoti ya Marekani. Sharti hilo humhusu pia mtoto mchanga aliyezaliwa huko na wazazi Wakenya, hata kama ana pasipoti ya Kenya. Kanada nayo, tangu tarehe 10 Novemba 2016, humtaka raia wake mwenye uraia mwingine awe na pasipoti ya Kanada ili apande ndege ya kwenda huko, isipokuwa raia wa Kanada aliye pia raia wa Marekani na mwenye pasipoti halali ya Marekani.

Ukipitia nchi ya tatu na kutoka nje ya uwanja, chagua pasipoti inayokupa masharti mepesi, kisha utoke kwa hiyo hiyo.

Msomaji wa Tanzania asilichukue somo hili kuwa lake. Sheria ya uraia ya nchi hiyo hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, hivyo aulize kwanza Idara ya Uhamiaji.

Wajibu wako kwa sheria ya Kenya

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyoruhusu uraia wa nchi mbili. Raia wa kuzaliwa aliyechukua uraia mwingine kabla ya hapo na kupoteza ule wa Kenya hurejeshewa kwa kuomba, haurudi wenyewe.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 humtaka mwenye uraia wa nchi mbili autangaze uraia wake mwingine ndani ya miezi mitatu tangu kuupata. Asiyetangaza anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Adhabu hiyo humhusu pia anayetumia uraia huo kutenda uhalifu au kujipatia faida isiyo ya haki.

Ukizuiwa kwenye kaunta

Kwanza, toa pasipoti zote mbili na ueleze kwa utulivu kwamba u raia wa nchi zote mbili. Pili, omba kuzungumza na msimamizi. Tatu, ukikataliwa kabisa, omba sababu kwa maandishi na utunze tiketi, risiti na jina la kampuni iliyokuhudumia.

Fahamu pia mipaka ya haki zako. Kanuni za fidia za Umoja wa Ulaya na Uingereza hazimlindi abiria aliyezuiwa kwa sababu ya hati zisizotosha. Lakini kama ulionyesha hati sahihi na mhudumu akakosea, una msingi wa kulalamika, na maandishi ndiyo ushahidi wako.

Tena, usitarajie ubalozi wa nchi yako moja ukutetee dhidi ya nchi yako nyingine. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930 ulikwisha kueleza kwamba nchi haiwezi kumkingia raia wake kidiplomasia mbele ya nchi ambayo yeye pia ni raia wake.

Maswali ya kujipima

1. Umeingia Kenya kwa pasipoti ya Kenya. Afisa wa uhamiaji wakati wa kutoka umpe ipi?
2. Unarudi Nairobi kutoka Toronto. Kaunta ya ndege uionyeshe ipi?
3. Umeapishwa uraia mpya leo, na harusi ya dada yako iko Mombasa mwezi ujao. Jambo la kwanza ni lipi?

Majibu: (1) Ya Kenya. (2) Ya Kenya, kwa kuwa ndege inakwenda Kenya. (3) Omba pasipoti mpya na uipate mkononi kabla ya kuondoka, na usisahau kuutangaza uraia huo kwa serikali ya Kenya.

Msiba haupigi hodi, na simu ya usiku haingoji pasipoti ichapishwe. Kwa hiyo tunamshauri kila msomaji azitoe pasipoti zake mbili leo, atazame tarehe ya mwisho ya kila moja, na aanze kuhuisha ile inayokaribia kuisha.