Vidonge vya vitamini na ugonjwa wa kiharusi

Swali hili linaulizwa sana mitaani kwetu hapa Dzaleka: je, vidonge vya vitamini E na C vinaweza kulinda ubongo wa mtu aliyepatwa na kiharusi? Tunalijibu kwa sababu kuna familia zinazouza sehemu ya chakula ili kununua vidonge hivyo.

Kwanza, kiharusi ni nini? Ubongo unaishi kwa oksijeni inayoletwa na damu. Mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, au ukipasuka, sehemu ile ya ubongo inakosa oksijeni na chembe zake zinaanza kufa baada ya dakika chache. Ndipo mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea, na ulimi unakuwa mzito. Wazee wengi huita hali hii upepo mbaya, na mgonjwa hupelekwa kwanza kwa mganga. Ni ugonjwa wa mishipa ya damu, na kila saa inayopotea njiani ni hasara.

Vitamini zinaingiaje hapo? Chembe za ubongo zinapoumia, hata damu inaporudi, hutokea vitu vikali viitwavyo radikali huru. Vitu hivyo huharibu chembe za jirani, kama kutu inavyokula jembe. Vitamini C, vitamini E na beta-karotini, ile rangi ya njano ya karoti na maembe, huvituliza. Ndiyo maana huitwa antioksidanti, na wataalamu walikuwa na sababu nzuri ya kutumaini.

Lakini walipojaribu kwa watu, mambo yalikuwa mengine. Huko Uingereza watu 20,536 wenye hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa waligawanywa: nusu walipewa vitamini hizo tatu kila siku kwa miaka 5, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: kiharusi hakikupungua hata kidogo. Huko Finland, mwaka 1994, ilionekana kwamba wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata zaidi kansa ya mapafu. Na Marekani, mwaka 2008, madaktari wanaume waliomeza vitamini E walipata zaidi kile kiharusi cha mshipa kupasuka. Japani inatumia tangu 2001 dawa moja ya kutuliza radikali huru, edaravoni, lakini hiyo huingizwa kwenye mshipa hospitalini. Si kidonge cha sokoni.

Usiache mboga kwa sababu ya haya! Lengalenga (wenyeji huiita bonongwe), sombe, mapera, malambe, karanga na mafuta ya mawese vina vitamini hizo, na katika chakula hazina madhara hayo. Mboga usizichemshe muda mrefu mno, maana vitamini C hupotea.

Kinacholeta kiharusi zaidi ni presha. Utafiti uliofanywa Blantyre, katika hospitali ya Queen Elizabeth, na kutolewa mwaka 2016, ulionyesha presha kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote, na virusi vya UKIMWI kuwa chanzo kingine, hasa kwa vijana. Presha haiumi. Kwa hiyo pima, hata kama unajisikia mzima. Ikipatikana mara kwa mara 140 kwa 90 au zaidi, mwone mganga wa kituo. Ukipewa dawa, usiziache kwa kuwa umepata nafuu, wala usigawane na jirani. Dawa zikikosekana kituoni, hapo ndipo pesa ya vitamini ingefaa kununua dawa ya presha iliyoandikwa kwenye kitabu chako. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika samaki wa chumvi.

Mtu akipinda mdomo ghafla, mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme jina lake. Akishindwa hata moja, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Wao ndio watakaoamua kumpeleka Kamuzu Central, Lilongwe, safari ya zaidi ya kilomita 40. Andikeni saa ugonjwa ulipoanza, kwa maana daktari ataiuliza. Akiwa amelegea sana, mlazeni ubavu. Msimpe uji, maji wala kidonge chochote, hata aspirini: anaweza kupaliwa, na kama mshipa umepasuka, aspirini itaongeza damu kuvuja.