Yaya, ninunue kopo lipi?

Wadogo zangu wa Dilala, Manika na Lualaba yote, swali lenu ni lilelile: kati ya Guigoz, NAN na France Lait, maziwa yapi yanamfaa mtoto zaidi?

Kwanza mjue pesa zinakwenda kwa nani. Guigoz ilianzishwa Uswisi na Maurice Guigoz mwaka 1908. NAN ni ya Nestlé, ya Henri Nestlé wa Vevey, aliyeanza kuuza unga wa watoto mwaka 1867. Baadaye Nestlé ikainunua Guigoz. Kwa hiyo mnaobishana dukani, huyu Guigoz, yule NAN, mnamtajirisha mtu mmoja! Virutubisho vya msingi navyo hufuata viwango vilevile vya kimataifa vya chakula, Codex Alimentarius. Bei kubwa haimnenepeshi mtoto. Wala jina halimkingi: Desemba 2017 kampuni ya Lactalis ya Ufaransa ilianza kuondoa sokoni maziwa ya watoto kwa sababu ya salmonela, na nchi 83 zikaguswa.

Tazama namba iliyo kwenye kopo. 1 ni ya chini ya miezi 6, 2 ni baada ya hapo. Maziwa ya unga ya Nido si ya mtoto mchanga, hata kama jirani amelea nayo watatu.

Ninachokiogopa mimi ni maji. Unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu, ndiyo maana OMS, Shirika la Afya Duniani, inataka uukoroge kwa maji yaliyochemka, yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi, ndipo upoze. Lakini hapa kwetu kuna jambo jingine: kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi madini. Shaba na kobalti zilizoingia kwenye maji karibu na machimbo zinabaki humo humo. Maji ya mto unaopokea taka za kiwanda usimkorogee mtoto, hata uyachemshe kutwa.

Halafu piga hesabu. Miezi 6 inataka karibu kilo 20 za unga, yaani makopo 50 ya gramu 400. Mshahara ukichelewa, mama anapunguza vijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi, mtoto anashiba maji huku anakonda. Titi halichelewi, mdogo wangu. Hata mwenye virusi vya UKIMWI ananyonyesha, mradi anywe dawa zake bila kuruka. Na akikupa mtu kopo la bure pale materniti, likatae: OMS ilikataza zawadi hizo tangu 1981, maana mtoto akizoea kopo, maziwa yako yanapungua, na kopo la pili utalinunua.

Wewe unayerudi kuosha mawe ya madini, kamua kabla ya kutoka, ufunike, uweke penye ubaridi. Yanakaa muda wa saa 4. Ukirudi, oga na ubadilishe nguo zenye vumbi kabla ya kumbeba.

Kama daktari amesema kopo ni lazima, chagua lile utakaloweza kulinunua kila wiki bila kukopa, fuata kipimo kilichoandikwa, na umnyweshe kwa kikombe. Biberoni ina pembe ambazo mkono haufiki.