Somo linalosafiri kwa kadi: vifaa vya masomo ya mbali kwa vyuo vya Kasongo na Kabambare

Kabla mwalimu wa chuo hajashika simu na kurekodi lolote, na ajiulize: faili hili litamfikia vipi mwanafunzi? Kwa aliyeko Kasongo mjini, jibu laweza kuwa WhatsApp. Kwa aliyeko Kunda, Lusangi au Salamabila, jibu ni jingine. Huko mtandao una mahali pake pa kusimama na saa zake za kupatikana, mega zinauzwa ghali, na mvua ikikolea hata pikipiki hulala njiani. Somo lisilojua njia litakayopitia hubaki kwenye kompyuta ya aliyelitengeneza.

Nasema hivi kwa sababu vyuo vingi huanzia upande wa pili. Kamera hununuliwa kwanza, mwalimu husimama mbele ya ubao na kuongea saa nzima, kisha video huwekwa mahali ambapo wanafunzi wachache tu wanaweza kuishusha. Machi 2020, shule na vyuo vya Kongo vilipofungwa kwa sababu ya Covid, wengi walijionea: aliyekuwa na redio na karatasi nyumbani aliendelea kidogo, aliyesubiri intaneti alisubiri hadi milango ilipofunguliwa.

Tupige hesabu ya uzito. Video ya simu ya kisasa, ikirekodiwa kwa ubora wa juu, hupita kwa urahisi megabaiti 100 kwa dakika moja. Somo la dakika 20 ni zaidi ya gigabaiti 2. Ukiibana hadi pikseli 480, itashuka kwenye megabaiti 4 hivi kwa dakika, yaani 80 kwa somo zima. Sasa chukua sauti peke yake, mono, MP3 ya kilobiti 32 kwa sekunde: dakika 20 hazifiki megabaiti 5. Kadi ya memori ya gigabaiti 8, ile inayoingia hata kwenye simu ya vitufe, inabeba zaidi ya saa 500 za sauti ya namna hiyo. Hakuna kozi ya chuo yenye saa 500.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa Chuo Kikuu cha Kasongo, kwa ISP (chuo cha ualimu), kwa shule za wauguzi na kwa yeyote anayefundisha watu walio mbali ni hili: sauti iwe mama wa somo, karatasi iwe mwenzake, na video iitwe pale tu mikono inapotakiwa kuonekana.

Jambo hili lina umri. Kenya, mwaka 1967, kilianzishwa kitengo cha masomo kwa posta huko Kikuyu, na walimu wa shule za msingi wakajiendeleza kwa vijitabu na vipindi vya redio bila kuacha madarasa yao. Tanzania, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo, na baada ya kipindi watu walijadili wakaenda kuchimba vyoo. Karibu nasi zaidi, mpango wa IFADEM, ulioanzishwa na jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa (OIF) na shirika la vyuo vikuu vya Kifaransa (AUF), uliwafundisha walimu wa shule za msingi Burundi na baadaye Katanga kwa vijitabu, sauti zilizorekodiwa, wasimamizi wa karibu na siku za kukutana. Redio peke yake haikufanya kazi hiyo. Palikuwa na karatasi mkononi na mtu wa kuulizwa.

Kuandika somo la kusikilizwa

Mwalimu akisoma silabusi yake mbele ya simu, atapata rekodi ya kusinzisha. Silabusi imeandikwa kwa jicho, na sikio haliwezi kurudi ukurasa wa nyuma. Gawa sura moja katika vipande vya dakika 8 hadi 12, kila kipande na jambo moja. Anza kwa swali au kisa ambacho mwanafunzi anakijua: mtoto mwenye homa aliyeletwa kituo cha afya usiku, mizani ya muuza dhahabu Salamabila, shamba la mihogo lililoshambuliwa na ugonjwa. Eleza, kisha mwambie mwanafunzi asimamishe simu na kuandika jibu kwenye karatasi yake. Acha ukimya wa sekunde kadhaa ili ajue umesema kweli. Halafu toa jibu na sababu yake.

Kuhusu lugha, tusijidanganye. Mtihani utakuja kwa Kifaransa, na vitabu ni vya Kifaransa. Lakini mwanafunzi wa mkoa wetu wa Maniema huelewa jambo gumu haraka zaidi likielezwa kwa Kiswahili cha nyumbani kwake. Basi maelezo yawe ya Kiswahili, na maneno ambayo atayakuta kwenye mtihani yatamkwe kwa Kifaransa polepole, mara mbili, na yaandikwe kwenye karatasi inayofuatana na sauti. Usijilazimishe Kiswahili cha redio za Dar es Salaam. Sema kama unavyosema Kasongo.

Mifano mizuri ya kuanzia iko mikononi mwetu. Wauguzi wa Kongo wanajua ordinogramu, zile karatasi za mishale zinazomwongoza muuguzi kutoka dalili hadi matibabu. Kasongo yenyewe ina jina kubwa katika jambo hili la kumwandaa muuguzi wa kituo cha kijijini: mradi wa afya ulioanza hapa mwaka 1971, pamoja na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, bado unatajwa katika vitabu vya afya ya msingi duniani. Ordinogramu moja inageuka somo la sauti kwa urahisi. Sauti moja ni ya mama wa mtoto, nyingine ya muuguzi, na kila mshale unakuwa swali kwa msikilizaji. Kwa walimu wa ISP kuna vifaa vya TESSA, mpango ulioanzishwa na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika. Viko kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na leseni yake inaruhusu kunakili na kubadilisha mradi utaje chanzo na utoe kazi yako kwa masharti hayohayo.

Kurekodi bila studio

Simu ya kawaida inatosha. Kinachoharibu rekodi nyingi ni chumba. Paa la mabati wakati wa mvua, jenereta ya jirani, jogoo, pikipiki zinazopita: yote haya kinasa sauti huyapenda kuliko sauti yako. Tafuta chumba kidogo chenye nguo, magodoro au mapazia, funga dirisha, tundika blanketi nyuma yako, na urekodi alfajiri. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Iwe umbali wa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo, usiivuvie hewa. Rekodi kwanza sentensi mbili, zisikilize kwa spika ya simu ya bei nafuu, kwa maana hiyo ndiyo spika ya mwanafunzi wako.

Kusafisha na kukata, tumia Audacity, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti hata kwenye kompyuta kuukuu. Mambo matatu yanatosha: ondoa kelele ya nyuma, sawazisha ukubwa wa sauti ili kipande kimoja kisinong'one na kingine kikapiga kelele, kisha toa MP3 ya mono. Tunza rekodi ya asili, isiyobanwa, mahali pawili tofauti. Siku utakapotaka kusahihisha sentensi moja utashukuru.

Majina ya mafaili yapewe heshima. Simu nyingi za vitufe hupanga mafaili kwa herufi na namba, kwa hiyo «somo la mwisho jipya kabisa» litapotea. Andika kwa mfano ANAT1_03_Moyo, ukianza namba na sifuri ili 10 isije kabla ya 2. Usiweke alama za Kifaransa juu ya herufi. Simu nyingine huzigeuza kuwa mchoro.

Karatasi inayofuatana na sauti isizidi kurasa mbili: maneno ya Kifaransa, mchoro, maswali, na nafasi ya kujibu. Kumbuka itapigwa fotokopi, kisha fotokopi ya fotokopi. Rangi zote zitakuwa kijivu, na mchoro unaosema «mshipa mwekundu» hautamsaidia mtu. Chora kwa kalamu nyeusi, mistari minene, andika namba kwenye sehemu na uzitaje namba hizo ndani ya rekodi: «tazama namba 4, hapo damu inaingia». Mchoro wa ubaoni uliopigwa picha vizuri, mchana, bila mwako wa simu, mara nyingi hushinda picha iliyoshushwa kutoka mtandaoni.

Video ibaki kwa kazi za mikono: kupima shinikizo la damu, kufunga bandeji, kuunganisha waya wa sola, kupandikiza mche. Dakika 2 au 3 tu. Simu ilazwe upande na itegemezwe kwenye rundo la vitabu, mwanga utoke nyuma ya mpigapicha, kamera itazame mikono, si uso wa mwalimu. HandBrake, nayo ya bure, itaibana kuwa MP4 nyepesi. Wagonjwa wasionekane. Tumia mwanafunzi mwenzenu aliyekubali kwa maandishi. Sheria ya dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za mtu binafsi, na hata pasingekuwa na sheria, mgonjwa hakuja hospitali kuwa somo kwenye simu za watu. Vivyo hivyo kwa vitabu: sheria ya haki za watunzi ya 1986 haikuruhusu kupiga picha kitabu kizima cha mtu na kukigawa kwa jina la chuo.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Tangu enzi za misafara, Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya Ujiji na Kasongo, na habari zilipita kwa miguu ya watu. Leo habari zinapita kwa wamotari, wafanyabiashara, na wale vijana wa vibanda wanaojaza nyimbo kwenye kadi za simu. Hao wa mwisho ni hazina ambayo vyuo havijaiona. Wana kompyuta, wana sola, wanajua kila aina ya simu, na wateja huwafuata wenyewe. Mpe kijana wa Lusangi folda ya kozi nzima, kubalianeni bei ndogo ya kunakili, na bandika kwenye kibanda chake karatasi yenye orodha ya masomo. Mwombe tu achunguze virusi, maana kadi hizi hupita mikononi mwa watu wengi, na alinganishe ukubwa wa folda na ule ulioandikwa kwenye orodha. Ikiwa pungufu, kunakili kulikatika.

Redio ya jamii ni njia ya pili. Kipindi kirushwe saa ileile kila wiki, jioni watu wametoka shambani, na kirudiwe. Panapo chuo au kituo chenye chumba, programu ya Kolibri au Kiwix kwenye kompyuta ndogo hugawa maktaba nzima kwa Wi-Fi ya humo humo bila intaneti ya nje. Intaneti ya satelaiti ya Starlink ilipigwa marufuku Kongo mwaka 2024, kisha ikapata leseni Mei 2025. Chuo kitakachomudu antena moja kiifanye chemchemi: kishushe usiku, kisha kadi zibebe mchana. Kutegemea kila mwanafunzi ajilipie intaneti ni kurudi kwenye kosa la mwanzo.

Ila sauti iliyokwenda bila jibu kurudi ni matangazo, haijawa masomo. Gawa wanafunzi katika vikundi vya kijiji au vya kituo cha afya, kila kimoja na kiongozi wake, CP (chef de promotion). Majibu ya maswali mafupi yaje kwa SMS, kwa mtindo rahisi: jina, namba ya somo, kisha 1B 2D 3A. Kazi ndefu ziandikwe kwa mkono, zikusanywe na CP, zipande pikipiki. Mwalimu arekodi masahihisho ya jumla ya dakika 5 na kuyatuma kwa njia ileile. Angalau mara moja kwa muhula wakutane uso kwa uso, Kabambare au Kasongo, kwa mazoezi ya vitendo na mtihani. Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi ndani ya krediti, kwa hiyo saa hizi za kusikiliza na kujibu zina mahali pake rasmi. Mkuu wa kitivo aziandike.

Kuna jambo ambalo walimu hulisema nje ya kikao: silabusi ni kipato, na kadi inayonakiliwa bure itakula kipato hicho. Hofu hiyo ina msingi, na chuo kinachojifanya hakiioni kitapata rekodi mbovu au kisipate kabisa. Mlipe mwalimu kwa kila somo lililokamilika na kupimwa, jina lake litajwe mwanzoni mwa kila rekodi, na karatasi ya kozi iendelee kuuzwa kwa bei inayojulikana.

Anzeni na kozi moja ambayo wanafunzi wengi huanguka, masomo manne tu. Mpeni mwanafunzi mmoja aliye mbali, mwenye simu dhaifu, asikilize bila msaada wenu, kisha aeleze alichoelewa. Anapokwama, somo lirekodiwe upya kabla ya kutengeneza la tano.

Kila rekodi ianze kwa kutaja tarehe na namba ya toleo, na namba hiyo iandikwe pia kwenye jina la faili na kwenye karatasi. Kadi hazirudi chuoni zenyewe. Kipimo cha dawa kikibadilika, au mwalimu akigundua hesabu yenye kosa, rekodi ya zamani itaendelea kuzunguka vijijini kwa miaka. Basi mtu mmoja chuoni atunze daftari la vibanda, vikundi na redio zilizopokea kila toleo. Toleo jipya likitoka, apige simu kwa kila mmoja wao, naye afute la zamani mbele ya kikundi kabla ya kunakili jingine.