KUCHAGUA MASHINE YA KUKATA NGOZI: SOMO NILILOPATA BONDENI

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi niliulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu, na katika kulitafutia jibu nikapata somo ambalo ningependa tugawane, hasa sisi tunaofikiria kujiajiri baada ya Kidato cha Nne.

Mjomba wangu ana karakana ya viatu hapa Nakuru, mtaa wa Bondeni. Yeye na mafundi watatu hutengeneza viatu vyeusi vya shule, na mikanda kidogo. Likizo ya Agosti nilimkuta ameshika karatasi yenye picha ya mashine inayokata ngozi kwa kuongozwa na tarakilishi. Mwuzaji alikuwa amempa wiki mbili aamue. Mjomba alikuwa karibu kuchukua mkopo, na dhamana ilikuwa ploti ya familia iliyoko upande wa Njoro.

"Kijana, wewe ndiwe msomi," akaniambia. "Hebu angalia hii kitu. Nichukue ama niachane nayo?"

Kando yake alikaa mzee ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake imekuwa kukata ngozi kwa kisu. Hakusema neno. Alikuwa akinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali. Hapo nikatambua kwamba jibu langu lingewagusa watu wawili, si mmoja.

MASHINE HIZI NI ZIPI?

Mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa namba ilionyeshwa hadharani huko Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1952. Ilisoma maagizo kutoka kwenye utepe uliotobolewa matundu. Siku hizi utepe haupo. Unachora umbo kwenye tarakilishi, nayo programu hugeuza mchoro kuwa namba zinazoiambia mashine iende wapi. Kwa kazi ya ngozi utakutana hasa na aina hizi:

(a) Mashine ya leza. Hukata kwa mwali wa joto. Leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo hutumika sana kukata ngozi, iligunduliwa mwaka wa 1964. Hukata mapambo madogo madogo kwa usahihi mkubwa, nayo haina kisu cha kuisha makali. Ubaya wake ni kwamba huunguza: ukingo huwa mweusi, harufu hubaki, na moshi lazima utolewe nje kwa feni na bomba.

(b) Mashine ya kisu kinachotikisika. Kisu kidogo hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, huku ngozi imeshikwa na meza yenye matundu na pampu inayonyonya hewa chini yake. Haiunguzi. Lakini pampu hiyo hula umeme, na mashine kubwa huhitaji umeme wa nyaya tatu, si huu wa kawaida wa nyumbani.

(c) Mashine ya kukandamiza. Hii haihitaji tarakilishi. Hubonyeza chuma chenye makali kilichopindwa kwa umbo la kipande, kama kile cha kukatia biskuti. Ni ya haraka na ngumu, lakini kila kipande na kila saizi huhitaji chuma chake. Kiatu chenye vipande 5 katika saizi 7 kitahitaji vyuma 35. Mtindo ukibadilika, vyuma hivyo vyote ni vya kutupa.

Zipo pia zinazokata kwa mkondo mkali wa maji, lakini hulowesha ngozi, kwa hiyo sitazieleza zaidi.

NGOZI NAYO NI YA NAMNA GANI?

Mashine kwenye karatasi ya mjomba ilikuwa ya leza. Mwuzaji alisema inakata "kila kitu". Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikachukua vipande vya ngozi kutoka karakanani nikavipeleka shuleni muhula ulipofunguliwa, na mwuzaji akakubali kungoja shingo upande.

Mwalimu wetu wa Kemia alitueleza kwamba ngozi nyingi duniani hulainishwa kwa chumvi za kromiamu. Joto kali la leza laweza kugeuza kromiamu hiyo kuwa ya aina inayosababisha saratani, ikabaki ndani ya moshi na kwenye majivu ya ukingo. Ngozi nyingine hutengenezwa kwa magome ya miti. Kwa miaka mingi miwati ilikuzwa kwa wingi karibu na Eldoret kwa ajili ya magome hayo. Ngozi ya magome ndiyo inayofaa leza zaidi, bora moshi uondolewe.

Tulizitambua hivi. Tulikata vipande viwili vya urefu wa sentimita 10, tukavitia katika maji yanayochemka. Kile cha ngozi nyeusi ya viatu kilitoka karibu vile vile kilivyoingia: ni cha kromiamu. Kile cha mkanda kilijikunja, kikabaki sentimita 7, kikawa kigumu kama ukuni: ni cha magome.

Kipande cha tatu kilikuwa cha "ngozi" ya kutandika ndani ya kiatu. Mwalimu alipasha moto waya wa shaba, akaugusisha kwenye kipande, akaurudisha motoni. Mwali ukawa wa kijani. Hiyo ni dalili ya klorini, kumaanisha kwamba kilikuwa plastiki ya PVC. Plastiki hiyo ikikatwa kwa leza hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kuila mashine yenyewe kwa kutu. (Msijaribu haya bila mwalimu na madirisha wazi!)

Karibu kazi yote ya mjomba, basi, ilikuwa ya ngozi isiyofaa leza. Nilimpelekea habari hiyo nikidhani nimemaliza kazi.

"Sasa si ninunue ile ya kisu?" akauliza.

MALI BILA DAFTARI

Hapo ndipo yule mzee aliponena kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, wewe una saa mkononi. Keti hapa uhesabu."

Wikendi hiyo na siku za mapumziko ya katikati ya muhula nilikaa karakanani na daftari. Kwa siku ya kawaida ya saa 8, niliandika hivi:

Kukata (mzee, peke yake): saa 2.
Kushona sehemu za juu (dada mmoja, cherehani moja): saa 8.
Kuvuta juu ya kalibu na kubandika soli (mjomba na fundi mmoja): saa 6.
Mazao: jozi 12.

Tazama vizuri, msomaji. Mzee kwa kisu chake hukata jozi moja kwa dakika 10. Angeachiwa siku nzima angekata jozi 48! Dada wa cherehani ndiye asiye na nafasi hata ya kunywa chai. Mashine ingekata jozi 12 kwa dakika chache, kisha vipande vingelala mezani vikisubiri cherehani ile ile moja. Jioni zingetoka jozi 12, kama jana, na mkopo juu.

Nilijifunza jambo jingine pale. Kabla ya kukata, mzee huigeuza ngozi dirishani na kuivuta kwa vidole. Mgongo ni mgumu, hutoa sehemu ya mbele ya kiatu. Tumbo hunyumbuka, hutoa vipande visivyoonekana. Makovu ya kupe, miiba na chapa za moto huyazungushia chaki. Mashine za bei kubwa zina kamera za kusaidia kazi hii, lakini nyingi ndogo hukata popote zilipoambiwa, kovu au si kovu. Kwa hiyo hata karakana yenye mashine humhitaji mtu wa kuisoma ngozi.

TULIAMUAJE?

Mjomba aliyasoma mahesabu yangu mara mbili. Akanyamaza. Kisha akamwambia mzee, "Ungeniambia hivi mapema, Fundi."

"Hukuniuliza," mzee akajibu.

Ilinunuliwa cherehani ya pili, kwa akiba, bila kugusa ploti. Sasa kizuizi kimehamia kwenye kalibu na soli: jozi 16 kwa siku. Mzee hukata kwa saa 2 na dakika 40, na wakati unaobaki humfundisha kijana mmoja kuisoma ngozi.

Sisemi mashine ni mbaya. Kama mjomba atapata kazi ya mamia ya jozi, au mikoba yenye mitindo inayobadilika kila mwezi, mashine ya kisu itamfaa. Siku hiyo ikifika, aulize:

1. Je, kukata ndiko kunakotuchelewesha?
2. Ngozi yetu ni ya kromiamu, ya magome, au ni plastiki?
3. Umeme tulio nao unatosha, na ukipotea katikati ya kazi mashine itaendelea ilipoachia?
4. Fundi wa kuitengeneza na vipuri vyake viko hapa Nakuru au ng'ambo?
5. Nani atachora pateni kwenye tarakilishi?
6. Mwuzaji yuko tayari kukata ngozi YETU tukiona, kabla hatujalipa?

Akikataa la sita, ageuke aende zake.

MSAMIATI

Dhamana: mali inayowekwa kwa ajili ya mkopo.
Kalibu: umbo la mguu ambalo kiatu huvutwa juu yake.
Tarakilishi: kompyuta. (Mjomba bado hucheka nikilitamka!)

ZOEZI

1. Mjomba akiongeza fundi mmoja wa kalibu na soli, wawe watatu wenye kasi sawa, watamaliza jozi ngapi kwa saa 8?
2. Je, cherehani mbili zitaweza kushona jozi hizo zote? Onyesha hesabu yako.
3. Tunga sentensi mbili ukitumia methali "Mali bila daftari hupotea bila habari".